Diwani Ana Mimba

Jumatano, 3 Julai 1996

Nimelazwa. Si hospitali – hapa hapa kwa mama mkwe, Maguu, chumba cha nyuma, dirisha moja linalotazama chanja za kuanikia kahawa. Daktari wa misheni kasema mpaka nijifungue ni kitanda, choo, kitanda. Usinyanyue ndoo. Usiiname. Usipande gari. Hasa gari! Barabara ya kutoka hapa hadi Mbinga mjini ingemtoa mimba hata mwanamume.

Ni mimba ya tatu hii. Mbili za kwanza zilitoka zote katika nyumba hii, zote zikiwa na miezi saba tumboni. Na hii ndiyo kwanza inaingia mwezi wake wa saba. Hilo ndilo ninalowaza kutwa. Nimeona heri niandike kuliko kuongea na ukuta.

Wendelin kaondoka asubuhi na lori la kampuni. Tangu waruhusu watu binafsi kununua kahawa, mume wangu hana kwao. Leo Mbuji, kesho sijui wapi, anaitafutia kampuni wakulima wa kuuza. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika, nikapunguzwa kazi. Yeye soko huria limempa kazi, mimi limenipa kitanda. Haya.

Kabla hajaondoka walimhamisha nguruwe. Yule jike mwenye mimba – kwa ajili yangu! Mama mkwe alisimamia mwenyewe. Kwao husema nyumba moja, mimba moja. Matumbo mawili yakikaa chini ya paa moja, moja litamla mwenzake. Mimba yangu ya kwanza aliyelaumiwa ni mbuzi. Ya pili, mke wa binamu yao aliyekuja kukaa hapa na tumbo lake. Sijui nyumba nyingine za huku, lakini nyumba hii inaamini, na mama huyu haamini nusunusu.

Nguruwe kaenda analia mpaka bondeni. Nilimwonea wivu. Angalau yeye katembea.

Ijumaa, 5 Julai

Ukungu hadi mchana. Baridi ya Maguu haina adabu, inaingia mpaka ndani ya blanketi. Kwetu Lituhi, kando ya ziwa, saa hizi watu wamekaa mchangani wanaota jua na usipa, dagaa wetu wadogo, unakauka.

Wote wako shambani wanachuma. Nasikia mashine ya kumenyea kahawa tu, krrr, krrr, na harufu ya maganda yanayochacha. Siku nzima hakuna mtu wa kuniambia hata nenda zako.

Yupo Diwani. Paka. Tulimpa jina hilo baada ya uchaguzi wa mwaka jana, kwa sababu anapita nyumba hadi nyumba, anakula, anaahidi, panya wako pale pale. Ila tangu nilale amehamia kwangu. Analala miguuni. Mzito!

Jumatatu, 8 Julai

Loo.

Leo Diwani kajinyoosha kwenye blanketi tumbo juu, nikamkuna. Kidole kikagusa kitu. Nikagusa tena. Chuchu! Zimevimba, rangi ya waridi, manyoya yamepungua pembeni yake, safu mbili zimejipanga. Diwani ni mwanamke! Mwaka mzima tunamwita bwana mkubwa, ukoo mzima na macho yao, hakuna aliyemtazama chini ya mkia.

Nikacheka peke yangu mpaka mtoto akanipiga teke.

Kisha nikaacha kucheka. Mimi nimekulia Lituhi, nyuma ya vichanja vya samaki, na paka wa bibi yangu wamezaa mbele ya macho yangu tangu sijajua kusoma. Chuchu za namna hiyo hazina maana mbili. Diwani ana mimba.

Nyumba moja, mimba moja.

Siamini mambo hayo. Naandika tena: siamini. Lakini naogopa. Vyote viwili vinakaa kifuani mwangu wala havigombani.

Nimemfunika na blanketi. Nikajifanya nimelala wifi yangu Avelina alipoleta chakula.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya kampuni. Lori limesimama uani, watu wamepanga foleni na magunia yao. Nesi Ottilia wa zahanati naye kaja – kwa kuwa mimi siendi kliniki, kliniki inanifuata. Hana mizani ya kubeba. Kwa hiyo nimepimwa kwenye mizani ya kahawa! Wamenishika mikono huku na huku, nikasimama palipokuwa na gunia la jirani yetu, Baba Pankras. Yule mpimaji wa kampuni, Clemence, kijana wa kutoka Moshi, kasoma mshale na kusema kwa sauti, “Hii daraja la kwanza, hakuna takataka!” Watu wamekufa kwa kicheko. Wifi yangu Avelina kacheka zaidi ya wote, kacheka hata wenzake walipomaliza. Kavaa sweta lake jipya la mitumba. Kuchumia kahawa!

Nesi kaandika uzito, kasema vizuri, ongeza kula.

Diwani katapika asubuhi pembeni ya mlango. Povu tu. Nimefuta kwa kitambaa kabla hawajaona, na kuinama nimekatazwa. Paka nao wana kichefuchefu chao mwanzo mwanzo, hupita. Anataka chakula kidogo kidogo mara nyingi, na maji. Bibi alikuwa anasema paka mwenye mimba usimpe dawa yoyote, usimtishe, na usimbane tumbo.

Mama yangu katuma usipa kutoka Lituhi. Nampa Diwani fungu langu. Avelina naye hataki lake, anasema unanuka. Unanuka! Watu wa mlimani bwana. Sawa, fungu lake ni la Diwani.

Jumapili, 14 Julai

Mama mkwe ananiamsha kila siku na maji ya moto. Anayabeba mwenyewe kutoka jikoni, mama wa miaka ile, na goti lake lile bovu. Anasema, “Shikilia hapo mwanangu, taratibu.” Ananikanda mgongo. Jioni anasali rozari mlangoni kwangu, na mimi Mwanglikana wa watu nimeshaijua yote kwa moyo.

Leo kanisimulia alivyowazika wanangu wale wawili. Mimi sikuwaona, nilikuwa sijitambui. Kasema mmoja alikuwa na pua ya Wendelin. Kasema aliwafunga vizuri. Kisha akanyanyuka ghafla akaenda kumfokea kuku.

Angekuwa mbaya ningepumua. Huyu hana ubaya. Ananipenda mpaka sina pa kupita.

Jumatano, 17 Julai

Ugali, maharage, parachichi, yai, uji. Wanaleta kama wanajaza ghala. Diwani anasubiri chini ya kitanda. Mama akitoka tu – haya mama, njoo. Sahani inarudi nyeupe. Mama mkwe anafurahi, anawaonyesha majirani: tazameni, anakula huyo!

Kusema kweli mimi chakula hakipiti. Ni hofu tu. Kile anachokula Diwani angalau hakitupwi.

Jumapili, 21 Julai

Wendelin kaja. Kalala masaa yote aliyokuwepo, na viatu.

Nikamwambia nipeleke Lituhi nikajifungulie kwa mama yangu. Akasema daktari kakataza gari. Nikasema basi nibebwe kwa machela. Kucheka! Akasema, “Recho, usianze. Mama anakuhudumia kama yai.” Nikasema yai ndiyo, na mmelikalia. Hakuelewa.

Nilitaka kumwambia habari za Diwani. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaona atakavyokwenda moja kwa moja kwa mama yake, si kwa ubaya, ila hajawahi kuficha kitu tangu azaliwe. Nikamwuliza habari za bei ya kahawa. Kaongea mpaka lori likapiga honi.

Ijumaa, 26 Julai

Tumbo la Diwani limeteremka pembeni, huku na huku. Anatembea miguu imeachana. Ukitaka kumnyanyua ni mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, tumbo usiliguse. Mimi nani wa kuninyanyua hivyo?

Mama mkwe kamwona anavuka ua. “Diwani kanenepa, mwaka huu panya ni wengi.” Nikasema ndiyo mama, wengi sana.

Leo nimehisi watoto wake. Nimeweka kiganja taratibu, wakasukuma. Wangu naye akasukuma saa hiyo hiyo. Nikaondoa mkono haraka kama nimeungua! Mjinga mimi. Nikaurudisha.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimepungua.

Nesi Ottilia kaniweka tena kwenye mizani ya kahawa, kaangalia, kanishusha, akatazama karatasi yake, kanipandisha upya. Clemence leo hakutania. Nimepungua, na mimba ndiyo hii inaingia mwezi wake wa nane. Nesi kanivuta kope la chini, kasema weupe huu sio. Akauliza, anakula? Mama mkwe akajibu kwa hasira, “Anakula kuliko mimi na wewe! Sahani zinarudi kama zimerambwa!”

Na kweli zimerambwa.

Nesi alipobaki na mimi akasema polepole: kama kuna jambo, sema. Mficha uchi hazai. Nikasema hakuna jambo.

Nimemwona mama mkwe kupitia dirishani. Alikuwa amesimama katikati ya chanja, kahawa hajaigusa, anatazama ua wote kwa zamu. Kibanda cha mbuzi. Kuku. Jiko. Nyumba. Najua anachotafuta.

Ijumaa, 2 Agosti

Amewashika mbuzi wote matumbo. Amewarudia. Mbuzi mmoja ana wasiwasi naye, kaenda kufungwa kwa Baba Pankras.

Mimi nakula sasa. Nakula kila kitu, nalia na kumeza. Diwani ananitazama kutoka chini. Namwachia vichwa vya usipa tu. Nisamehe mama, zamu yangu.

Jumatatu, 5 Agosti

Jamani, jamani.

Mama mkwe kamaliza mifugo, kaanza watu. Katika nyumba hii wanawake ni watatu: yeye, ambaye alishafunga duka zamani, mimi, na Avelina.

Nimesikia yote kupitia ukutani. Kamwuliza Avelina. Avelina kakana. Kamwuliza tena, kwa Kimatengo, haraka haraka, mimi nikashika nusu tu. Kofi nimelielewa. Avelina kalia akasema, mama, una ushahidi gani? Mama kasema ushahidi uko kitandani, mke wa kaka yako anakauka kama jani, kuna tumbo linamla, na kama silo lako ni la nani? Keshokutwa anakuja shangazi yao Perpetua. Atamkagua.

Msichana wa watu hana kosa! Kosa liko chini ya kitanda changu linajilamba miguu.

Nikisema, Diwani atatupwa. Nisiposema, Avelina atavuliwa nguo na shangazi mbele ya wanawake. Nimegeuka upande huu, nimegeuka upande ule. Hata kugeuka nimeambiwa nigeuke polepole.

Jumanne, 6 Agosti

Nimesema.

Nilimwita mama mkwe, nikamwambia funga mlango, nikamtoa Diwani chini ya kitanda. Nikasema huyu ni jike. Ana mimba, karibu anazaa. Nimejua mwezi mzima. Na chakula chenu nimempa.

Nilingoja kipigo cha maneno. Mama kakaa kitandani, akamshika Diwani tumbo kwa kiganja kizima, ila taratibu kweli, kama mkunga. Kisha kacheka! Kacheka hadi machozi, ananipiga paja, “Diwani! Diwani wetu!” Kisha yale machozi hayakuwa ya kicheko tena. Akasema, “Mwanangu, kwa nini ulitaka kuniua?”

Hukumu: Alhamisi lori likishuka ziwani, Diwani anakwenda nalo, akaachwe huko huko. Kwetu. Yeye atafika, mimi nimelala.

Kamwita Avelina akamwomba radhi. Mama anaomba radhi! Shangazi kaambiwa asije. Nyumba nzima imepumua.

Jioni Avelina kaleta uji. Kaweka bakuli, kanishika mkono, kaubana. “Asante wifi. Umeniokoa.” Nikasema kosa lilikuwa langu, wala hukuwa na kosa lolote. Akaangalia chini. Hakuondoka. Akabaki amesimama tu pale, kaviringa ncha ya kanga kidoleni.

Na mimi ndipo nikaona.

Usipa unanuka. Sweta halivuliwi hata jua likiwaka. Uso umejaa. Jana asubuhi nilisikia mtu akitapika nyuma ya choo nikadhani ni Diwani! Ninajua chuchu za paka, jamani, na binti ananiletea uji kila siku sijaona.

Nikakumbuka alivyocheka siku ya mizani, nikamwuliza, Clemence? Kaitikia kwa kichwa. Nikasema Mungu wangu. Akasema, “Usiseme, wifi. Mwache paka awe ndiye.”

Jumatano, 7 Agosti

Sijalala. Kila nikifumba macho nahesabu matumbo.

Hasira imenipanda pia, niseme ukweli. Kama maneno ya mama ni ya kweli, basi msichana huyu amekaa na mimi chini ya paa moja muda wote, anacheka, ananiletea uji, huku anajua. Halafu najijibu: Recho, si ulisema huamini? Naam, siamini. Asubuhi siamini. Usiku naamini.

Diwani wamemfunika chini ya tenga kwenye banda la mashine. Analia. Sauti yake naijua sasa kuliko ya mume wangu.

Avelina anasema Clemence akija kesho atamwambia, na Clemence atazungumza na mama, na yeye ataolewa kabla mambo hayajaonekana. Anasema hivyo kama mtu anayesoma tangazo. Nimemwambia, “Vizuri.”

Alhamisi, 8 Agosti

Lori limekuja. Mpimaji ni mwingine – mzee mwenye kofia ya pama. Kijana wa kwanza? Amehamishiwa kanda nyingine. Wapi? Mzee hajui, yeye kaletwa jana.

Nimemwona Avelina kupitia dirishani akiuliza na kujibiwa. Hakulia. Kachukua debe lake la kahawa, kasimama nyuma ya foleni, halafu akaliweka chini, mahali popote tu.

Mama kampa yeye tenga la Diwani alipeleke kwenye lori. Nikageukia ukutani. Nimesikia lori likiondoka. Avelina karudi na mikono mitupu, kasema nimempakia. Mama kanyunyiza maji ya baraka chumbani kwangu, mpaka chini ya kitanda.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimevuka mahali wale wawili walipoishia. Nimevuka kwa siku kadhaa. Mama hasemi, ila naona anavyonitazama, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Kanichinjia jogoo.

Jogoo sikumla kwa raha. Wa kumpa mfupa hayupo.

Jumapili, 11 Agosti

Diwani yuko chini ya kitanda changu!

Wote wameondoka kwenda misa, mlango ukafunguka, Avelina kaingia kakumbatia kitu ndani ya sweta. Kumbe hakumpakia. Kamfungulia nyuma ya choo, kamficha stoo ya kahawa, katikati ya magunia, siku zote hizi anampelekea maziwa.

Nikamwambia wewe una kichaa! Akiondoka yeye, wewe umepona. Mama ameridhika, hatatafuta tena. Umemrudisha wa nini?

Akasema, “Sikuweza, wifi. Sikuweza kumtupa mwenye hali yangu kwa watu asiowajua.” Ndipo akalia. Alilia kwa hamu, kama aliyekuwa anatafuta pa kulilia muda mrefu. Nikamsogezea nafasi kitandani. Tumelala wawili, kila mmoja na yake moyoni, na Diwani chini anachakura boksi.

Anachakura. Anatafuta pa kuzalia. Nimempa boksi la shali, lile mama yangu alilomtumia mtoto. Mama mkwe kakataza tusilifungue kabla mtoto hajaja. Tumelifungua.

Jumanne, 13 Agosti

Mchezo ni huu: mama akiingia kwa mlango, mimi nakohoa na kuangusha kanga mbele ya kitanda. Akipiga magoti kusali, nampa mkono nimshike asiiname zaidi. Anafikiri nimempenda sana siku hizi. Nimempenda kweli. Ndiyo tabu yenyewe.

Diwani hataki kula leo. Maziwa yametokeza kwenye chuchu. Ni leo au kesho, kama si kesho kutwa.

Mgongo wangu unauma chini. Sijasema. Utakuwa ni kulala sana.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Kijiji kizima kiko kanisani, hata Nesi Ottilia yuko kwaya. Mama alitaka kubaki, mimi nikamlazimisha aende. Avelina kabaki kunihudumia. Lori nalo leo haliji, ni sikukuu.

Diwani kaanza. Anapumua mdomo wazi, anazunguka ndani ya boksi, analala, anazunguka. Nimemwambia Avelina usimguse, usimsemeshe sana, leta tu kitambaa kikavu na maji. Ajue tuko hapa, basi. Bibi alisema paka anajua kazi yake kuliko mkunga wa serikali.

Mmoja! Mweusi, ndani ya ngozi yake nyembamba. Diwani kaichana kwa meno, kamlamba mpaka kafungua mdomo. Kalia! Kidogo mno, ila kalia. Avelina kapiga magoti anaangalia, mkono mdomoni. Kaniuliza, inauma? Nikasema si unamwona.

Mgongo tena.

Wa pili. Mwenye madoa. Mzima.

Tena. Sasa si mgongo, ni mbele, linakaza lote linakuwa jiwe, kisha linaachia. Naijua hiyo. Nimewahi kuijua mara mbili.

Nimemwambia Avelina. Kawa mweupe. Nikasema kimbia kanisani ukamwite Nesi. Kafika mlangoni, karudi. Kasema nikimwita Nesi, mama atakuja mbele yake. Ataona paka. Atauliza nani alimrudisha. Atanitazama – na kweli leo ukimtazama unaona, kavua sweta kwa joto la kukimbizana na maji, na kanga haifichi kitu tena. Kasema, “Mtoto akifa, watasema mimi ndiye niliyemla, wifi. Na mimi nitaamini.”

Nikamwambia hafi. Huyu ni mkubwa, kavuka walipoishia wenzake. Hafi. Nimesema kwa sauti ya mama mkwe, sijui nimeitoa wapi.

Linakaza. Naandika ili nisipige kelele. Mistari inapanda.

Avelina kaniwekea mto nyuma kama anavyoniwekea mama. Kaufunga mlango kwa komeo. Kwa nini anafunga? Kasema hajui. Nje kumenyamaza, hata kuku.

Diwani anasukuma wa tatu. Huyu anachelewa. Ananitazama mimi, hatazami boksi. Sukuma mama. Sukuma na mimi nitasukuma.

Ngoma. Wanatoka kanisani. Nyimbo zinakuja na njia ya chanja, naisikia sauti ya mama juu ya wote, anaimba vizuri leo. Katua kitu uani. Hodi yake. Kajaribu mlango. Kajaribu tena.

“Avelina? Mbona mmefunga? Mwenzako yukoje?”

Avelina kaegemea mlango kwa mgongo, mikono yote miwili tumboni. Linakaza, nimeuma shuka, lakini sauti imetoka. Na Diwani naye katoa yake, saa hiyo hiyo, kubwa.

Kisha mama kauliza, polepole, karibu kabisa na mbao:

“Mko wangapi humo ndani?”

Avelina kanigeukia. Anasubiri mimi nijibu.